Nilivyowapeleka Wahiari Mto Mara

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani. Nikikaa kibandani karibu na stendi, mtu anavuta kiti: "Luka, tuambie, ilikuwaje?" Nikienda kutia mafuta, ni yale yale. Jana hata fundi wa breki alitoka chini ya lori, girisi usoni, akaniuliza habari za Mama. Basi nimeandika. Someni, mpeane, kisha mniache. Habari za vibali, mihuri na foleni za maofisini sitazisema. Zilinilia wiki mbili, na sitaki zinile tena hapa.

Kwa yule asiyetujua vizuri: mimi ni dereva, lori ni langu, kazi yangu ni kubeba mahindi. Ezra ni ndugu yangu mkubwa. Zamani alikuwa karani katika stoo ya nafaka, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa. Halafu akaokoka, na alipookoka akaokoka kupita kiasi. Kanisa la kwanza alilitoka kwa sababu waliingiza gitaa. La pili alilitoka kwa sababu mchungaji alipigwa picha akicheka. La tatu alilianzisha mwenyewe nyumbani kwetu karibu na Turbo, chini ya mabati ambayo mimi ndiye niliyeyapigilia misumari. Humo hakuna ngoma, hakuna Krismasi, hakuna chai, hakuna kuapa, wala hakuna kuchukua kadi ya chama, maana kadi kwao ni kiapo.

Lakini sheria yao kubwa ni nyingine. Kwao hakuna mtu wa kuburutwa. Kabla ya jambo lolote kubwa, Ezra anafungua daftari na kusoma majina, na kila mwenye umri wa kujua maneno anajibu kwa sauti: "Naenda kwa hiari yangu, si kwa hofu, si kwa hasira, si kwa kumfuata mtu." Ukisita, wote wanakungoja. Ukikataa, unaachwa kwa amani na hakuna wa kukusema. Ndiyo maana watu wa Turbo waliwabandika jina la Wahiari.

Mwaka huu chifu wetu alimwita Ezra mbele ya baraza, akamwamuru ainue kidole kwa heshima ya chama. Ezra akasema yeye hamwinulii mwanadamu kidole. Chifu akamketisha chini, akamvua kofia na kuitupa vumbini, akatangaza kwamba mkutano wowote usio na laisensi atauvunja kwa rungu. Watu walicheka. Nami nilikuwepo, nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Mwezi haukuisha kabla Ezra hajawaambia watu wake kwamba kuna muumini mmoja ng'ambo ya Mto Mara, Tanzania, aliyepata shamba pana, na kwamba watahamia huko wamwabudu Mungu bila laisensi.

Majina yalikuwa thelathini na moja. La nne lilikuwa la Mama.

Mimi nilikubali kuendesha kwa sababu moja tu, nayo nilimwambia Ezra usoni: nilitaka kumrudisha Mama. Mguu wake mmoja umevimba, presha yake inapanda na kushuka, na Baba alipokuwa anakata roho hospitalini aliniambia mimi, si Ezra, nimtunze. Nilikuwa nimemtengenezea chumba kwangu Langas, mjini Eldoret, kitanda na godoro jipya. Ezra akanisikiliza, akasema, "Hiyo ni kati yako na yeye. Mimi nitamuuliza, na akisema haendi, utamrudisha." Hapo nikaona kazi ni rahisi. Swali litaulizwa njiani mara nyingi. Lazima mara mojawapo atachoka.

Turbo hadi Eldoret

Safari ya dakika arobaini ilitumaliza siku nzima.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili bado tulikuwa tunapakia. Utingo wangu alikuwa amekwisha kukataa kusafiri na watu wasiokunywa chai, kwa hiyo nilifunga turubai mwenyewe. Kulikuwa na majembe, masufuria, mizinga ya nyuki, vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mgando, mbuzi, kuku, na cherehani ya Selina. Selina ni mjane, fundi wa nguo, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru, na cherehani yake ilifungwa kwa blanketi tatu na kupewa mahali pazuri kuliko wazee. Kisha Ezra akaniambia niing'oe redio. Nikamwambia redio imezimwa. Akasema hata ikizimwa, iko. Nikaing'oa.

Majina yakasomwa. Watu thelathini na moja, sentensi ile ile, mmoja mmoja, na mzee mmoja mwenye kigugumizi ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Mama alijibu upesi, huku akitafuta mahali pa kuweka mkongojo wake. Nikawasha injini. Hapo hapo kuku mmoja akaruka.

Nikazima, wakamfukuza kuku huyo robo saa, wakavunja ua wa jirani, watu wawili wakafokeana. Kuku alipopatikana nilifikiri sasa tunakwenda. Ezra akafungua daftari tena. "Watu wamekasirika," akasema. "Lazima tuulize upya."

Ndipo nilipojua na sheria nyingine: kila injini ikizimwa safari inahesabiwa kuwa inaanza upya, na wataulizwa upya. Nikaapa moyoni kwamba sitazima injini hiyo mpaka mpakani.

Nje ya Eldoret kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari akapanda, akachungulia chini ya turubai, akashuka akiwa na macho makubwa. "Dereva, hawa watu wote wanaenda wapi?"

"Matanga, afande," nikasema. "Tumefiwa."

Ezra akatoa kichwa nje ya dirisha la upande wa pili. "Afande, huyu anadanganya. Hakuna aliyekufa. Sisi tunahama nchi."

Nyakati hizi ninyi mnazijua. Sentensi kama hiyo husemi mbele ya askari, hata ukiwa umelewa. Askari akaja polepole upande wake. "Mnahama nchi? Kwani nchi imewakosea nini, Mzee?"

"Zima gari, dereva," mwingine akasema, na huo ukawa mwisho wa kiapo changu.

Ezra aliwaeleza nchi ilivyomkosea. Aliwaeleza gitaa, picha, kofia, na nabii Yeremia. Tulitolewa pembeni, tukangoja mkubwa wao, mkubwa akaja, akaelezwa yote tangu gitaa. Ilipofika saa kumi jioni yule mkubwa alishika kichwa. "Dereva, hawa watu wako si hatari, ni wagonjwa. Wapeleke. Nenda nao haraka." Nikasema haraka haiwezekani, kwanza lazima waulizwe. Alisimama pale akasikiliza majina yote thelathini na moja, na mwisho akavua kofia. Sikuelewa ni heshima au ni joto.

Walilala kwangu Langas, uwanjani kati ya vyumba vya wapangaji. Nilimwonyesha Mama chumba. Akabonyeza godoro kwa kiganja, akasema ni zuri, kisha akaenda kulala nje na wenzake.

Eldoret hadi Kapsabet

Alhamisi nilimweka Mama mbele, kati yangu na Ezra, nikaanza kazi yangu. Nilimsimulia wajukuu. Nilimwambia ng'ombe wake mwekundu, niliyemnunua tena kwa jirani kwa siri, anakaribia kuzaa. Nilimwambia Tanzania hakuna sukari madukani wala sabuni. Ezra alikuwa anatazama mashamba ya mahindi kana kwamba hatusikii.

"Sabuni tumebeba," Mama akasema.

Kapsabet mkanda wa feni ulikatika, injini ikachemka, nikalazimika kuzima. Dukani kwa spea nilimkuta Msomali mmoja, mtu mpole, na alipokuwa anatafuta mkanda aliwatazama abiria wangu. Akamuuliza Ezra, "Mzee, nyinyi ni dini gani? Pombe hamnywi?"

"Hatunywi."

"Ngoma hamchezi? Picha hamweki? Nguruwe?"

"Hata kidogo."

"Basi nyinyi ni watu wetu. Mmepotea njia tu, karibuni ndani."

Ezra hakuweza kuliacha hilo lipite. Walibishana saa nzima na nusu, wote wawili wamekaa juu ya matairi, kila mmoja akimtakia mwenzake pepo ya aina yake, na mkanda wangu ukiwa umeshikwa mkononi mwa Msomali kama fimbo ya kuhubiria. Nilimwomba mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Wewe subiri, haya ni mambo ya maana." Mwishowe aliwapa mikate miwili na tende, bure, na Ezra akaikubali. Mimi hakunipunguzia hata shilingi.

Majina yalipofika jina la kumi na saba, mtu mmoja aitwaye Yohana alinyamaza. Wakangoja. Akasema, "Sijui." Wakaomba naye, wakaimba naye bila ala, jua likasonga. Akasema, "Nimejua. Siendi." Hakuna aliyemlaumu. Walimteremshia mbuzi wake, wakamkumbatia, akakata njia kurudi Turbo kwa miguu akimvuta yule mbuzi.

Mnaweza kufikiri nilivyofurahi. Kumbe inawezekana! Na nilimwona Mama akimtazama Yohana mpaka alipopotea kwenye kona.

Kuteremka Kisumu

Kuteremka kule breki zilinuka na nilisimama mara mbili, lakini sikuzima. Nilikuwa nimejifunza. Hata nilipokwenda haja niliacha injini ikinguruma, na Ezra akanitazama kwa jicho la kunihurumia.

Kisumu tulifika na njaa. Mama mmoja mwenye hoteli ya kando ya barabara aliwatengea samaki wazima, vichwa na macho, na ugali wa mtama. Watu wetu wa milimani walikaa wakiyatazama yale macho. Mwanamke akaona anadharauliwa. "Mnaangalia nini? Mnadhani nimewawekea sumu?" Nikajaribu kumtuliza. Ezra, mkweli daima, akamweleza kwamba mama zao waliwafundisha samaki ni jamaa ya nyoka. Ilibidi niondoe lori huku tukirushiwa maneno ya Kijaluo ambayo, namshukuru Mungu, Mama hakuyaelewa.

Selina peke yake alikula. Alikula wake na wa watu watatu, akasema ni watamu.

Kisii, na siku ambayo hata lori lilipumzika

Kama si yule kuku, kama si yule mkubwa wa polisi, kama si Msomali wa spea, tungefika mpakani Ijumaa mchana. Jioni ya Ijumaa ilitukuta vilima vya Kisii, na jua lilipokuwa linagusa migomba Ezra aliweka mkono juu ya usukani. "Simama, Luka. Sabato imeingia."

"Kuna uwanja mzuri mbele, kilomita nne."

"Imeingia hapa."

Tukakaa kando ya barabara, kati ya kuta za michai, tangu jioni hiyo mpaka jua la Jumamosi lilipozama. Hakuna kuwasha moto. Hakuna kununua. Hakuna kushusha mzigo. Nilipofungua boneti kuangalia maji Selina alinikemea kwamba hata lori ni kiumbe cha kupumzishwa. Mashamba ya chai pande zote, na mimi sina tone.

Asubuhi watu wa sokoni walipita, wakaona wazee na watoto wamekaa kwenye majani, wakahukumu kwamba sisi ni wakimbizi kutoka Uganda. Huruma ikawashika. Saa nne walikuja wanawake sita na ndizi za kuchemsha, bado za moto, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na mboga, na maziwa. Mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye kanga mbili, alilia alipomwona Mama. "Pole sana, Mama. Walikuchomea nyumba?"

Nilimsogelea Ezra, nikamshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza," nikamwambia. "Leo moja tu. Watoto wana njaa."

Akatoa mkono wake. "Mama zangu," akasema, "Mungu awabariki, lakini sisi si wakimbizi. Tuna nyumba, tumeiacha wenyewe. Hiki chakula mmekileta kwa sababu ya jambo lisilo kweli, na hatuwezi kukila."

Wale wanawake walitazamana. Kisha, naapa mimi ambaye naruhusiwa kuapa, wakafunika ndizi zao na kuondoka nazo, wakiwa wamekasirika sana. Nilipiga teke tairi mpaka kidole kikavimba. Yule mnene peke yake alirudi baadaye, akaweka sinia mbele ya Mama. "Najua nyinyi si wakimbizi," akasema. "Hizi ni za mama mwenye mguu umevimba. Hiyo ni kweli au si kweli?" Ezra akakubali kwamba ni kweli. Mama akawagawia watoto wote, na mwisho akanipa mimi kipande.

Nilikaa karibu naye alasiri ile. Nilimwambia, "Mama, huyu mtu atakuua kwa ukweli wake." Akasema, "Ezra anasumbua, najua, nilimzaa." Nikadhani ninamvuta. Jua lilipozama na majina yakasomwa, alichelewa kujibu. Alichelewa kabisa. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha akasema maneno yote, kwa sauti ndogo.

Isebania na ng'ambo yake

Mpakani nimesema nitaruka, lakini jambo moja siwezi kuliacha. Afisa wa upande wa pili, kijana wa shati la kaki, alimwita Ezra "ndugu". Akamwita Selina "ndugu". Akaniita na mimi "ndugu". Watu wa Ezra huitana hivyo hivyo, na wao tu, kwa hiyo waliona ni ishara kutoka mbinguni: wamefika nchi yenye waumini wenzao mpaka forodhani. Walimkumbatia yule afisa. Walitaka kumwombea. Nilipojaribu kumweleza Ezra kwamba huko hata mlevi anaitwa ndugu, alikataa kunisikia mpaka tulipofika Tarime na kumsikia mlevi mwenyewe akiitwa hivyo.

Baada ya Tarime Ezra alipanda nyuma kukaa na wazee, nikabaki mbele na Mama tu. Nilijua ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Sikuzunguka tena. Nilimwambia, "Mama, rudi na mimi. Utakufia huku, na nani atakuzika? Baba aliniachia mimi."

Akauweka mkongojo kati ya magoti. Kisha akasema, "Luka, tangu baba yako azikwe ulikuja nyumbani mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila nikipita Turbo."

"Ulikuwa unapita, ndiyo. Unasimama kwenye lango, unashusha sukari, unaniuliza mguu unaendeleaje. Na injini inanguruma. Hata siku moja hukuizima." Hakusema kwa ukali. "Hawa walikuwa wanakaa. Selina alikuwa ananikanda mguu mpaka nalala."

Niliendesha tu. Niliona aibu, na aibu ikanigeukia hasira, na yule niliyemkasirikia hasa sikumjua.

Mto Mara

Muumini wao alikuwa anatungoja ng'ambo na trekta lenye tela. Lori langu lilikuwa zito kwa kivuko, na vibali vyangu viliishia hapo, kwa hiyo asubuhi tulishusha kila kitu ukingoni, kati ya matete. Mizinga, masufuria, vibuyu, cherehani na blanketi zake tatu. Ezra akafungua daftari. Majina thelathini sasa. Mama alijibu bila kuchelewa. Nikageuza uso.

Ezra alipofunga daftari, Mama akasema, "Bado mmoja."

"Nani, Mama?"

"Wewe."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Selina akasema, "Kogo, huyu Mzee ndiye anauliza." Kogo ndivyo wanavyomwita, bibi.

"Na yeye anaulizwa na nani?" Mama akasimama kwa mkongojo wake. Nikakumbuka kwamba kweli, tangu Turbo, mara zote zile, jina la Ezra halikuwahi kusomwa. Hakuwa kwenye daftari. Alikuwa mshika daftari. "Ezra, unaenda kwa hiari yako?"

Ezra akajiweka sawa, akavuta pumzi. "Naenda kwa hiari yangu, si kwa hofu, si kwa..."

Akasimama hapo. Akaanza tena tangu mwanzo, akakwama pale pale. Kisha akakaa juu ya mzinga.

Mwenye kivuko akaja. "Wazee, mnavuka?" Tukamwambia asubiri. Akavusha ng'ombe za watu, akarudi. "Wazee, vipi?" Akavusha watu wa soko, akarudi. Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyemhimiza Ezra; ndiyo sheria yao. Mimi si wa sheria yao. Nilimwendea nikampigia kelele.

"Sema tu! Umetuzuia njia nzima kwa maneno haya, sasa yakushinde wewe? Sema twende!"

"Siwezi, Luka."

"Kwa nini?"

Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini kwa Baba. "Kila nikiamka naiona kofia yangu kwenye vumbi," akasema. "Nawasikia watu wakicheka. Ninaondoka ili nisimwone chifu tena, na ili ajue nimeondoka. Hiyo ni hasira. Nimewabeba watu wote hawa kwa hasira yangu." Aliyasema yote hayo mbele ya watu wake, na hakupunguza sauti.

Nitasema ukweli wangu na mimi: moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona mambo yamekwisha. Kiongozi hawezi kwenda, basi hakuna anayekwenda, basi Mama anarudi Langas kwenye godoro lake. Nilikuwa nimekwisha kubeba mizinga miwili kuirudisha kwenye lori, nikijipigia mluzi, niliposikia sauti ya Selina. Alikuwa ameshika daftari.

"Mambo yamebadilika," akasema. "Lazima tuulize upya."

Akaanza kusoma. Na mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakimtazama Ezra machoni, wakajibu. Naenda kwa hiari yangu. Si kwa hofu, si kwa hasira, si kwa kumfuata mtu. Mzee mwenye kigugumizi aliyasema kwa muda mrefu kuliko wote na hakuacha neno. Nilisimama na mizinga yangu mikononi. Jina la nne likaitwa, na Mama akajibu, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo.

Alimaliza, akamwendea Ezra, akamwekea mkono kichwani. "Rudi na ndugu yako," akamwambia, "mpaka uweze kuyasema. Siku utakayoweza, utatukuta."

Kurudi

Njia ya kurudi sitaieleza. Ilichukua siku mbili, hatukusimamishwa mahali popote, na ni mara ya kwanza nimechukia barabara nzuri. Ezra yuko kwangu, mnamwona. Analala kwenye kile chumba. Chai bado hanywi, na wapangaji wangu wawili wamehama kwa sababu ya mahubiri. Kila asubuhi naondoka nyumbani nikisaga meno.

Lakini kuna jambo la pale ukingoni ambalo sijamwambia mtu, nanyi mmeniuliza mpaka nimechoka kulificha. Ezra alikuwa amekwisha kupanda mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani, nimewasha, nimetia gea ya kurudi nyuma, nikitaka kuondoka kabla ya kuona kivuko kikimbeba. Mama akaja mpaka mlangoni kwangu, akagonga bati kwa mkongojo.

"Zima kwanza," akasema.

Nikazima.

"Luka, unarudi kwa hiari yako?"

Nilijua maneno. Nani angekosa kuyajua, baada ya njia ile? Nikamtazama, nikayasema yote: narudi kwa hiari yangu, si kwa hofu, si kwa hasira, si kwa kumfuata mtu. Nilikuwa na hasira, na hofu kwamba simwoni tena, na kama ningejiachia ningemfuata ndani ya kile kivuko. Mama akaitikia kwa kichwa, akanishika shavu, akaenda zake ameshikwa mkono na Selina.

Ezra alikuwa pembeni yangu, amesikia kila neno. Huyu ndiye aliyenichongea kwa polisi kwa sababu ya matanga ya uongo, na aliyewanyima watoto ndizi za moto. Alitazama viatu vyake, na hakusema kitu. Tulikaa hivyo, injini imezimwa, mpaka kivuko kilipofika ng'ambo na nikamwona Mama akiteremshwa.